Mkono Utulie, Mtu Abaki

Kazi ninayotaka kuisifu hufanyika asubuhi, mgonjwa akiwa hajameza kidonge chochote tangu jana usiku. Ameambiwa aje hivyo hivyo na ugonjwa wake wa Parkinson mzima mzima: mkono unatetemeka, mabega yamekakamaa, uso hauonyeshi kitu, hatua ni fupi na za kuburuza. Wiki chache zilizopita alipasuliwa, akawekewa nyaya mbili nyembamba ndani ya ubongo, moja kulia na moja kushoto. Nyaya hizo zikapitishwa chini ya ngozi, nyuma ya sikio na shingoni, hadi kwenye betri iliyopandikizwa chini ya mtulinga. Vyote vimekaa mahali pake, ila umeme bado haujawashwa. Daktari wa neva anavuta kiti, anakaa uso kwa uso na mgonjwa, anakishika kifundo cha mkono wake na kuanza kukikunja na kukikunjua taratibu. Anamwomba afumbe na kufumbua kiganja cha mkono wa pili, maana mkakamao uliojificha hujitokeza pale mkono mwingine unapokuwa na kazi.

Karibu na ncha ya kila waya kuna pete nne za metali, kila pete ikiwa na urefu wa milimita 1.5. Daktari anaanza na pete ya chini. Mapigo ya umeme anayaweka 130 kwa sekunde, kila pigo likidumu sehemu 60 za milioni za sekunde, na hesabu hizo mbili haziguswi tena asubuhi hiyo. Kinachopanda ni nguvu peke yake: nusu volti, anasubiri, volti moja, anasubiri, moja na nusu. Mkakamao wa kifundo hujibu haraka, ndani ya nusu dakika hivi, ndiyo maana ameufanya shahidi wake. Kifundo kilichokuwa kikienda kwa kukwamakwama kinaanza kulainika vidoleni mwake. Anaandika namba. Haishii hapo, anaendelea kupandisha akitafuta mpaka wa pili, pale umeme unapoanza kumwagikia majirani: mdomo unavutwa upande, ulimi unakuwa mzito, vidole vinachonyota, jicho linakengeuka. Anaandika namba ya pili. Kati ya namba hizo mbili ndipo mgonjwa atakapoishi. Kisha anazima, anaupa mwili muda wa kurudi ulivyokuwa, anahamia pete ya pili. Pete nne upande huu, nne upande ule.

Sasa mtazame daktari aliyeiva katika kazi hii. Macho yake hayako mkononi tu. Kila anapopandisha nguvu anautazama uso, anasikiliza mwendo wa maneno, na mara kwa mara anauliza swali lisilohusu mkono: moyo ukoje? Kuna lolote limebadilika? Akiona mgonjwa aliyekuwa kimya ameanza kuongea mfululizo, au machozi yamemlengalenga pasipo sababu, naye huliandika hilo, kando ya namba ya volti na namba ya pete. Hapo ndipo ninapouona ustadi wenyewe. Waya unaotuliza mkono unaweza pia kugusa furaha ya mtu, hamu yake, maneno yake na namna yake ya kuamua. Mafundi wa kazi hii hawakulificha jambo hilo. Walilipima, wakaliandika, wakalifanya sehemu ya kazi yao.

Tiba hii ya kusisimua kina cha ubongo kwa umeme, kwa sura tuijuayo leo, ilianzia Grenoble, kusini-mashariki mwa Ufaransa, mwaka 1987. Daktari wa upasuaji wa ubongo Alim-Louis Benabid alikuwa akifanya kazi na daktari wa neva Pierre Pollak. Kabla ya hapo, mtetemeko usiosikia dawa ulitibiwa kwa kuunguza sehemu ndogo ya thalamasi, iliyo katikati ya ubongo. Kabla ya kuunguza, mpasuaji alipitisha umeme kidogo ili ajiridhishe kuwa yuko mahali panapofaa. Benabid alipotumia umeme wa mapigo kama 100 kwa sekunde, mtetemeko ulikoma, alipouzima, ukarudi. Kilichokuwa kipimo tu kikawa tiba, na tofauti yake na kuunguza ilikuwa kubwa. Kilichounguzwa hakirudi. Umeme unapunguzwa, unahamishwa, unazimwa. Kila kitu ambacho fani hii imejifunza baadaye kuhusu akili na hisia kilijengwa juu ya uwezo huo wa kuwasha, kutazama na kuzima.

Upande wa pili wa Atlantiki, mwaka 1990, Hagai Bergman, Thomas Wichmann na Mahlon DeLong walionyesha kwamba nyani waliopewa sumu inayoleta dalili za Parkinson hupata nafuu wakiharibiwa kiini kidogo kilichoko chini ya thalamasi. Mwaka 1993 timu ya Grenoble ilipeleka waya kwenye kiini hicho kwa binadamu. Sasa hapakusaidiwa mtetemeko peke yake, bali pia mkakamao na ule uzito wa mwili unaomfanya mtu achukue dakika nzima kufunga kifungo kimoja cha shati. Marekani iliidhinisha tiba hii kwa mtetemeko mwaka 1997 na kwa ugonjwa wenyewe wa Parkinson mwaka 2002. Mwaka 2014 Benabid na DeLong walitunukiwa pamoja tuzo ya Lasker.

Matokeo yake kwa mwili ni makubwa. Mwaka 2003 Paul Krack na wenzake wa Grenoble walichapisha habari za wagonjwa 49 waliofuatiliwa kwa miaka 5. Bila dawa, umeme ukiwa umewashwa, mwendo wao ulikuwa bora kwa asilimia 54 kuliko kabla ya upasuaji. Fundi wa haraka angeridhika na namba hiyo akafunga daftari. Hawa waliendelea kuuliza.

Ili kuelewa walichokuwa wakikitafuta, inabidi kukijua kiini chenyewe. Ukubwa wake hauzidi punje ya dengu, na ndani yake mnapita kazi tatu. Sehemu ya juu, upande wa nje, inashughulika na mwendo. Mbele yake ni eneo linalohusiana na kufikiri na kupanga. Kwenye ncha ya ndani, kuelekea chini, ni eneo la hisia na hamu. Hakuna ukuta kati ya maeneo hayo. Moja linayeyukia ndani ya jingine. Umeme nao hausimami kwenye ukingo wa pete, unasambaa. Mpasuaji anayekosea kwa milimita 2 amehama mtaa, na daktari anayezidisha nusu volti amewagongea mlango wasioitwa.

Milimita 2 nimezitaja kwa makusudi. Mwaka 1999 madaktari wa hospitali ya Pitié-Salpêtrière, Paris, walieleza kisa cha mwanamke wa miaka 65 ambaye hakuwahi kuwa na ugonjwa wa akili. Walikuwa wakijaribu pete moja baada ya nyingine, kama nilivyoeleza hapo juu. Walipowasha pete iliyokuwa milimita 2 chini ya ile iliyomsaidia mwendo, sekunde chache baadaye aliinama upande, akaanza kulia, akasema maisha hayana maana na amechoka nayo. Walipozima, huzuni yote iliondoka kabla ya dakika moja na nusu kwisha, na kwa dakika kama tano zilizofuata alikuwa mchangamfu kuliko kawaida yake, akifanya utani na aliyekuwa akimpima.

Ningependa msomaji azingatie walichofanya baada ya hapo. Ingekuwa rahisi kuiacha pete ile, kuwasha ile nzuri na kumruhusu mama yule aende nyumbani. Badala yake walirudia jaribio siku nyingine, kwa ridhaa yake. Walijaribu pia kumwambia kuwa umeme umewashwa ilhali haukuwashwa, ili wajue kama ni umeme au ni hofu. Bila umeme, huzuni haikuja. Wakapiga picha za ubongo wakaona pete imekaa ndani ya sehemu iitwayo substansia nigra, chini ya kiini. Mwisho wakaichapisha habari yote kwenye jarida linalosomwa na madaktari wa dunia nzima. Tangu hapo, daktari anayekaa na mgonjwa asubuhi na kuuliza "moyo ukoje?" anauliza kwa sababu ya mama yule na uaminifu wa watu waliompima.

Upande wa furaha nao ulifunuliwa hivyo hivyo. Mwaka 2001 timu ya Grenoble ilieleza wagonjwa wawili waliopatwa na kicheko, kicheko cha furaha ya kweli, umeme wa kwenye kiini ulipopandishwa. Mwaka 2007 timu ya Paris ilieleza wengine wawili waliopatwa na uchangamfu uliopita kiasi, na ikaonyesha kwamba pete iliyousababisha ilikuwa mbele na upande wa ndani wa kiini, mtaa ule ule wa hisia. Furaha iliyopitiliza ni hatari kuliko inavyosikika. Aliyechangamka kupita kiasi hajioni mgonjwa. Halali, anatumia fedha asizokuwa nazo, anaanzisha mipango mitano kwa siku, na yeye ndiye wa mwisho kulalamika. Ndiyo maana daktari makini hafurahii tu kuona mgonjwa anacheka. Anamgeukia mke au mtoto aliyemsindikiza na kumuuliza: hivi ndivyo alivyokuwa kabla ya kuugua?

Ustadi huo unaanza hata kabla ya waya kuingia. Mpasuaji hukaa na picha za MRI akichora njia kutoka kwenye fuvu hadi kwenye kiini. Njia iliyo fupi zaidi haiwi bora kwa kuwa ni fupi. Aikwepe mishipa ya damu, asije akaleta kiharusi. Akwepe vyumba vya maji ya ubongo. Na akwepe kiini kiitwacho kodeti, kinachohusika na kufikiri, kwa kuwa uchunguzi uliofanywa Ujerumani na kuchapishwa mwaka 2013 ulionyesha kuwa wagonjwa ambao waya ulipenya kodeti walishuka zaidi kiakili. Kwa hiyo hubadili pembe kidogo, huchora upya, hukagua tena, yote kwa ajili ya jambo ambalo mgonjwa hatalijua kamwe, kwa sababu halitampata.

Siku ya upasuaji, katika hospitali nyingi, mgonjwa huwa macho. Sindano nyembamba kupita kiasi hushushwa kidogo kidogo, na mlio wa umeme wa chembe hai za ubongo husikika kwenye spika. Katika maeneo yenye nyaya za neva tupu kunakuwa karibu kimya. Sindano ikiingia kwenye kiini, makelele yanafurika chumbani. Ikitoka kwa chini na kugusa substansia nigra, mlio unabadilika, unakuwa wa haraka na wa mpangilio. Watu waliofanya kazi hii kwa miaka hujua walipo kwa kusikia tu, na hujua pia wapi pa kusimama kabla ya kuufikia mtaa uliomliza mama yule wa Paris.

Katika timu hii yupo mtu ambaye picha za magazeti humsahau: mwanasaikolojia mwenye karatasi na saa. Yeye humpima mgonjwa kabla ya upasuaji na kumpima tena baada yake, na mojawapo ya vipimo vyake ni swali ambalo hata mtoto angelijibu. Taja wanyama wote unaowakumbuka. Una dakika moja. Swali hilo hilo limo katika kipimo cha akili cha IDEA, kilichotengenezwa kwa ajili ya wazee wa Afrika na kujaribiwa wilayani Hai, mkoa wa Kilimanjaro. Kwa hiyo tunaweza kulisikia kwa Kiswahili bila kulitafsiri: "Mzee, shikamoo. Nitajie wanyama wote unaowajua, mpaka nitakapokuambia basi."

Mzee anaanza: ng'ombe, mbuzi, kondoo, punda, mbwa, paka. Kimya kidogo. Simba, chui, fisi, tembo, twiga. Kimya. Mamba, kiboko. Mpimaji anaandika kila mnyama kwa mpangilio aliotajwa, na mwenye uzoefu hahesabu jumla peke yake. Anaangalia makundi. Kwenda kutoka ng'ombe hadi mbuzi ni kuvuna shamba ambalo tayari umo ndani yake. Kuruka kutoka kwa mifugo hadi kwa wanyama wa porini kunataka kazi nyingine: kutambua kuwa shamba limeisha, kuliacha, kutafuta jingine. Kazi hiyo ya kuruka inategemea sehemu za mbele za ubongo na njia zinazoziunganisha na viini vya chini, zile zile ambazo waya unapita karibu nazo.

Hili ndilo badiliko la kiakili linaloonekana kwa uthabiti kuliko yote baada ya upasuaji wa kiini kile: maneno yanapungua kwa dakika. Uchunguzi wa Ujerumani uliochapishwa mwaka 2008, wenye wagonjwa 123, uliona kuwa uwezo wa jumla wa akili haukushuka, na wasiwasi ulipungua, lakini ufasaha wa kutoa maneno ulishuka. Kule Florida, Michael Okun na wenzake waliripoti mwaka 2009 jaribio la wagonjwa 45. Kwa wale waliowekewa waya kwenye kiini, maneno yalibaki machache hata umeme ulipozimwa. Maana yake, sehemu kubwa ya hasara hiyo yaonekana kuletwa na kupita kwa waya wenyewe, wala daktari hawezi kuirudisha kwa kushusha volti. Timu hiyo iligundua pia kwamba pete za chini zikiwashwa wagonjwa walihisi furaha imepungua, nguvu zimepungua na kichwa kimechanganyikiwa zaidi. Mambo haya hayaonekani kwenye video ya mkono uliotulia. Yanaonekana kwa mtu aliyekaa na saa, akaandika ng'ombe, mbuzi, kondoo.

Kuna jingine lililo jepesi kupita bila kuonwa. Kiini hiki hufanya kazi ya breki. Mtu anapokabili machaguo mawili yanayokaribiana kwa uzuri, breki hiyo humshika kidogo ili apime. Mwaka 2007 Michael Frank na wenzake walichapisha jaribio ambapo wagonjwa walichagua kati ya alama zenye uwezekano tofauti wa kushinda. Umeme ukiwa umewashwa, chaguo lilipokuwa gumu hawakupunguza mwendo kama watu wengine, waliharakisha. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, na hapa usemi huo una mahali pake ndani ya fuvu. Daktari aliyesoma jaribio hilo humshauri mgonjwa asiuze kiwanja, asiache kazi, asivunje ndoa katika miezi ya kwanza ya kurekebisha umeme, na huiomba familia imsaidie kuchelewa.

Halafu kuna vidonge, na nadhani hapa ndipo subira ya kazi hii inapopimwa vikali kuliko popote. Dawa za Parkinson huziba pengo la dopamini, kemikali ambayo ubongo wa mgonjwa umeacha kuitengeneza ya kutosha. Dopamini haiendeshi mikono tu; ndiyo pia inayomfanya mtu atake. Dawa zikizidi, wengine hushikwa na kutaka kusikozuilika: kamari, manunuzi, ngono, kula. Umeme ukiusaidia mwendo, dawa zinaweza kupunguzwa, na kwa wengi maovu hayo huondoka. Ni baraka kubwa kwa nyumba iliyokuwa ikifilisika. Lakini ukipunguza haraka mno, unaondoa na kutaka kwenyewe. Stéphane Thobois wa Lyon, pamoja na wenzake wa Grenoble, waliwafuata wagonjwa 63 waliopunguziwa dawa sana baada ya upasuaji, na mwaka 2010 wakaripoti kuwa 34 kati yao waliishiwa na hamu ndani ya mwaka mmoja, kwa wastani baada ya miezi kama mitano. Mwili unatembea, lakini mtu hataki kwenda popote. Anakaa kwenye kiti, halii, halalamiki. Simu ikiita haipokei.

Nani angelaumu umeme kwa jambo linalotokea mwezi wa tano? Mafundi hawa walilifuata hadi chanzo, wakaona kwamba mara nyingi kosa ni la kasi ya kupunguza dawa, na kwamba dozi ndogo ya dawa ya jamii ya dopamini ikirudishwa, hamu hurudi. Kwa hiyo kazi ya kurekebisha ina mizani mbili, volti upande mmoja na miligramu upande wa pili, na zote mbili husogezwa kidogo kidogo, kwa miezi, moja ikipanda huku nyingine ikishuka.

Hata hivyo vipimo vyote vinaweza kuwa sawa na nyumba isiwe sawa. Mwaka 2006 Michael Schüpbach, Yves Agid na wenzao wa Paris waliandika juu ya wagonjwa 29 waliofanikiwa kimwili. Hawakuridhika na madodoso. Walikaa nao wakazungumza. Ndoa 17 kati ya 24 ziliingia katika migogoro. Kati ya 16 waliokuwa na kazi kabla ya upasuaji, ni 9 tu waliorudi kazini. Wengi walisema hawajitambui. Fikiria mke aliyemvisha mumewe, kumlisha na kumgeuza kitandani kwa miaka kumi. Asubuhi moja mume anajivalisha mwenyewe na kutoka. Kila mmoja amepoteza kazi aliyokuwa nayo kwa mwenzake, na hakuna aliyewaandaa kwa hilo.

Na lipo lililo zito kuliko hayo. Mwaka 2008 Valerie Voon na wenzake walikusanya taarifa za wagonjwa 5,311 kutoka vituo vingi: 24 walijiua na 48 walijaribu, hatari ikiwa kubwa zaidi mwaka wa kwanza, na sonona baada ya upasuaji ikiwa kiashirio kikubwa. Jaribio la baadaye la Marekani, lililolinganisha waliopasuliwa na walioendelea na dawa, halikuona tofauti ya wazi kati yao katika miezi sita ya mwanzo. Fani hii haikuichukua habari hii ya pili kuwa ruhusa ya kunyamaza. Timu nzuri huuliza kuhusu mawazo ya kifo kwa maneno ya wazi, kabla ya upasuaji na katika kila ziara baada yake, na mwenye sonona hutibiwa kwanza ndipo apasuliwe.

Elimu hii yote inarudi mezani siku ya kuchagua. Anayeelekea kwenye usahaulifu mkubwa hushauriwa asipasuliwe, kwa kuwa atapoteza zaidi ya atakachopata. Mwenye moyo mzito anaweza kuelekezwa kwenye kiini kingine, globasi palidasi: jaribio la Marekani la mwaka 2010, lenye wagonjwa 299, liliona mwendo ukinufaika karibu sawa kwa viini vyote viwili, ila sonona ilipungua kidogo kwa waliowekewa palidasi na kuongezeka kidogo kwa wale wengine, ambao nao waliweza kupunguza dawa zaidi. Aliyechaguliwa vizuri na kwa wakati hupata mengi. Katika jaribio la Ujerumani na Ufaransa lililochapishwa mwaka 2013, lenye wagonjwa 251 ambao ugonjwa ulikuwa bado haujawavunja, ubora wa maisha ulipanda kwa asilimia 26 kwa waliowekewa waya, wakati kwa waliobaki na dawa peke yake haukupanda.

Wagonjwa wengi wanaosoma Kiswahili hawatauona waya huu karibuni. Uchunguzi wa nyumba kwa nyumba uliofanyika Hai na kuchapishwa mwaka 2008 ulipata watu 33 wenye Parkinson, wengi wao wakiwa hawajawahi kuambiwa wanaumwa nini. Kwao cha kwanza ni kugunduliwa na kupata dawa ya levodopa. Lakini sehemu ya ustadi huu haihitaji betri wala MRI. Kuuliza moyo ukoje, kumsikiliza mke kando na mume, kutambua kwamba aliyekaa kimya kitini huenda si mvivu wala si mzee tu bali ameishiwa na dopamini: hayo mganga wa zahanati anaweza kuyafanya kesho. James Parkinson wa London, aliyeueleza ugonjwa huu mwaka 1817, aliandika kwamba akili hubaki bila kudhurika. Imechukua muda mrefu kuona kwamba sivyo, na waliopandikiza nyaya wamechangia sana kutufumbua macho.

Mwezi wa sita baada ya upasuaji, mgonjwa anarudi. Mkono umetulia kabisa, na mwenyewe amefurahi. Mkewe anasema kwa upole kwamba siku hizi baba anakatiza maneno ya watu, analala saa tatu tu kwa usiku mzima, ana hasira za karibu. Daktari anaweza kulinda kazi yake nzuri, maana namba zote za mwili ni safi. Yule ninayemsifu anawaeleza wote wawili kinachowezekana na gharama yake, anasubiri mgonjwa mwenyewe aamue, kisha anapandisha pete moja juu na kushusha nguvu kwa sehemu mbili za kumi za volti. Mtetemeko kidogo unarudi kidoleni. Anauacha. Kupandisha umeme hadi mkono utulie hufundishika katika muda mfupi. Kuushusha kwa sababu umemsikiliza mtu wa nyumbani kunataka daktari aliyekubali kwamba kazi yake haipimwi kwa mkono peke yake, na huyo ndiye fundi aliyekamilika.